Msomaji wa Tabata anauliza: hizi kingamwili za Scl-70 haziwezi kutolewa mwilini?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Tabata, naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kike mwenye miaka 31, anauza juisi na barafu Kariakoo. Mwaka juzi vidole vilianza kufa ganzi na kupauka kila akiingiza mkono kwenye friza. Baadaye mikono ikavimba, na sasa ngozi imekaza mpaka kwenye viwiko, na kifuani ametoka madoa meupe. Tumezunguka sana. Wapo waliosema ukoma, wapo waliosema karogwa. Mwisho tumeambiwa ni skleroderma. Karatasi ya maabara inasema: ANA 1:1280, Scl-70 chanya (nguvu), Centromere hasi. Nimesoma kwamba hizo ni kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Je, ndizo zinazomuumiza? Kama ndizo, kwa nini wasizitoe? Ndugu yetu mmoja anasema India wanabadilisha damu. Tumeshauriwa turudie kipimo kila miezi 3 tuone kama zinashuka, na kila mara ni hela. Tena ana mchumba, wanataka kuoana. Atamwambukiza mtoto?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile la hela, maana jibu lake ni fupi: msirudie kipimo cha Scl-70 kila miezi 3. Kingamwili hii ikishathibitishwa, kwa kawaida haiondoki, na namba yake kupanda au kushuka kidogo si jambo la kumfanya daktari abadilishe dawa. Hela hiyo ipelekeni kwenye mapafu. Sababu yake nitaieleza, ila itabidi univumilie, kwa sababu swali lako la kwanza, kama ndizo zinazomuumiza, ndilo swali ambalo watafiti wa ugonjwa huu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 40.

Karatasi yenyewe ni ya kuaminika? ANA, yaani kipimo cha jumla cha kingamwili zinazoshika kiini cha seli, peke yake kina kelele nyingi; namba kama 1:160 inaonyesha damu imezimuliwa mara ngapi na bado ikaonekana chanya. Utafiti wa maabara za nchi mbalimbali uliochapishwa 1997 ulikuta kwamba kwenye 1:160 karibu mtu 1 kati ya 20 wenye afya njema ni chanya, na kwenye 1:40 ni karibu mtu 1 kati ya 3. Kwetu huku malaria na maambukizi mengine nayo huichokonoa kinga ya mwili ikatoa ANA za kupita. Nimeona watu wengi waliokosa usingizi bure kwa neno moja tu, "chanya". Mdogo wako si mmoja wao. ANA ya 1:1280, Scl-70 yenye nguvu, na ngozi iliyokaza hadi viwiko: hapo hakuna cha kubahatisha. Kwa vigezo ambavyo vyama vya madaktari bingwa wa Marekani na Ulaya walikubaliana 2013, mgonjwa anatakiwa afikishe alama 9. Ngozi ya vidole iliyokaza ikavuka vifundo vya ngumi inatoa zote 9 peke yake, kingamwili inatoa 3 tu. Hata karatasi hiyo ingepotelea kwenye daladala, mikono yake ingetosha kuutaja ugonjwa.

Na yale madoa ya kifuani ni sehemu ya ugonjwa huohuo. Ngozi inapoteza rangi, lakini pale vinyweleo vinapotokea rangi inabaki, kwa hiyo inaonekana kama mtu amenyunyiziwa chumvi na pilipili manga. Kwa watu weusi alama hii huonekana wazi kuliko kwa weupe. Kilichopaswa kuitofautisha na ukoma mapema ni kwamba doa la ukoma kwa kawaida limekufa ganzi, hili halijafa. Sitawalaumu sana waliokosea, maana kuna daktari anayemaliza miaka mingi ya kazi bila kukutana na mgonjwa wa namna hii. Hao wa kurogwa nawaachia nyinyi wenyewe.

Sasa tuje kwenye Scl-70. Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walikuta damu ya baadhi ya wagonjwa wa skleroderma inanasa protini fulani kutoka kwenye kiini cha seli. Walipoipima uzito wakapata kilodaltoni 70, wakaiita Scl-70: Scl ni skleroderma, 70 ni uzito. Miaka michache baadaye ikaja kugundulika kwamba ile 70 ilikuwa kipande tu, protini ilikuwa imekatikakatika wakati wa kuandaliwa. Nzima ina karibu 100. Jina lilishazoeleka, likabaki, na mpaka leo tunaandika kosa hilo kwenye kila karatasi ya majibu. Mwaka 1986 ndipo protini ikatambuliwa kazi yake: ni kimeng'enya kinachoitwa topoisomerasi ya kwanza.

Kazi ya topoisomerasi utaielewa ukiwahi kukaa na msokota kamba za usumba. Ukizifungua nyuzi mbili zilizosokotwa kuanzia katikati, msokoto haupotei, unasukumwa pembeni na kamba inajikunja mafundo. Vinasaba vyetu ni nyuzi mbili zilizosokotwa hivyohivyo, na kila seli inapotaka kuvisoma ni lazima izifungue. Topoisomerasi inakata uzi mmoja, inauacha uzunguke msokoto utulie, kisha inaunga pale ilipokata. Inafanya hivyo usiku na mchana katika kila seli ya mwili wako na wangu.

Hapo ndipo kitendawili kilipo. Kimeng'enya hiki kinaishi ndani kabisa, kwenye kiini cha seli, nyuma ya kuta mbili. Kingamwili inaelea nje, kwenye damu. Seli iliyo hai haimfungulii mgeni huyo mlango kirahisi hivyo. Sasa kingamwili isiyofika kwa adui wake inaudhuru mwili kwa njia gani? Na mbona topoisomerasi iko kila mahali, lakini ugonjwa unachagua ngozi, mapafu na mishipa midogo ya damu?

Kwa ajili hiyo kundi moja la watafiti limekuwa likisema muda wote: hizi ni mashahidi, si wahalifu. Kundi la pili limekuwa likitafuta njia ya kuwaweka kwenye eneo la tukio. Walionishawishi kidogo katika kundi hilo ni wale walioonyesha maabara kwamba seli zikifa na kupasuka, topoisomerasi inamwagika nje na kunata kwenye ngozi ya nje ya faibroblasti, zile seli zinazofuma kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Kingamwili ikiikuta imenata pale, inaishika, na seli nyingine za kinga zinaitwa kuja kupigana. Hii inaingia akilini, maana ngozi inakaza kwa sababu faibroblasti zimefuma kolajeni kupita kiasi, kama fundi aliyeambiwa ashone kiraka kimoja akashona shati zima juu ya shati.

Kisha likaja kundi lililotafuta kingamwili za aina nyingine kabisa, zinazoshika vipokezi, yaani swichi za kupokea amri zilizoko nje ya seli, ambako kingamwili inafika bila shida. Mwaka 2006 watafiti wa Ancona, Italia, walitangaza kwamba wagonjwa wao wa skleroderma wana kingamwili zinazobonyeza kipokezi cha kichocheo kimoja cha ukuaji, kinachofupishwa PDGF, na kwamba kikibonyezwa, faibroblasti zinaanza kufuma. Nakumbuka msisimko wa habari ile. Ilionekana kama mhalifu amekamatwa na ushahidi mkononi. Kufika 2009 maabara nyingine zilikuwa zimerudia jaribio hilo kwa njia zao na hazikuona kitu. Wenyeji wa Ancona hawakukubali kushindwa, mjadala ukaendelea, lakini mimi tangu wakati huo kila nikisikia "tumempata" nasubiri maabara ya pili. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani nao wakaja na kingamwili za vipokezi vya angiotensini na endothelini, ambavyo ndivyo vinavyoiamuru mishipa ya damu ibane. Hizi zina uzito zaidi, kwa kuwa tatizo la mdogo wako lilianzia kwenye mishipa ya vidole iliyobana mbele ya friza. Shida ni kwamba hazipatikani kwenye skleroderma pekee. Zinaonekana pia kwa baadhi ya waliopandikizwa figo na kwa wajawazito wenye kifafa cha mimba.

Utafiti ambao kwangu ulibadilisha sura ya swali lote haukuhusu Scl-70 hata kidogo. Kuna kingamwili nyingine ya skleroderma inayolenga kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi ya tatu. Ilishajulikana kwamba baadhi ya wenye kingamwili hii hupata saratani karibu na wakati uleule ngozi inapoanza kukaza, tofauti ya mwaka mmoja au miwili hivi. Watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, wakajiuliza: je, saratani ndiyo iliyotangulia? Walichukua uvimbe wa wagonjwa 16 na kusoma jeni inayotengeneza protini hiyo, jeni ya POLR3A. Kati ya wagonjwa 8 waliokuwa na kingamwili hiyo, 6 walikuwa na hitilafu kwenye jeni hiyo ndani ya uvimbe. Kati ya 8 waliokuwa na kingamwili za aina nyingine, hakuna hata mmoja. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Science 2014.

Maana yake ni hii. Uvimbe ulitengeneza protini yenye kasoro. Kinga ya mwili ikaiona, ikaitambua kuwa ni ngeni, ikaanza kuishambulia, yaani ikafanya kazi yake sawasawa. Kisha ikashindwa kutofautisha ile yenye kasoro na ile nzima iliyoko kila mahali mwilini. Huenda kwa baadhi ya watu skleroderma ni gharama ya mwili uliopigana na saratani, na pengine ukaishinda kabla haijaonekana. Tafadhali usimtishe mdogo wako na habari hii. Uhusiano wa namna hiyo umeonekana kwa kingamwili ya polimerasi, na yeye hana sababu ya kutafutiwa saratani zaidi ya mwanamke mwingine wa umri wake. Nimeieleza kwa sababu inatufundisha kingamwili ni kitu gani: ni nyayo. Inaonyesha kilichoichokoza kinga kilipita wapi, hata kama chenyewe kimeshaondoka.

Nyayo hizo huonekana mapema kuliko ugonjwa. Watafiti wa Montreal, Kanada, waliwafuatilia watu 586 waliokuwa na tatizo la vidole kubana kwenye baridi tu, bila ugonjwa mwingine, wengine hadi miaka 20, na wakachapisha matokeo 2008. Waliokuja kupata skleroderma ni 74, yaani karibu asilimia 13. Lakini waligawanyika vibaya sana. Wale ambao siku ya kwanza walikuwa na kingamwili za skleroderma pamoja na vishipa vilivyoharibika kwenye shina la kucha, karibu asilimia 80 waliupata ugonjwa. Ambao hawakuwa na chochote kati ya hivyo viwili, asilimia 1.8 tu. Kwa hiyo kama una dada mwingine ambaye vidole vinampauka kwenye baridi, msikimbilie kuogopa. Mpelekeni kwa daktari amwangalie shina la kucha kwa lenzi, apimwe ANA mara moja, na mara nyingi majibu yatawapa usingizi. Dar es Salaam watu wanadhani tatizo hili ni la nchi za theluji. Si kweli. Kiyoyozi cha ofisi, chupa ya maji ya baridi, ndoo ya barafu, vyote vinatosha. Na kwenye mkono mweusi weupe hauonekani mgongoni mwa kiganja. Tazama kucha na ncha za vidole upande wa ndani.

Utaniuliza, wewe daktari unasimama wapi? Nasimama hapa: Scl-70 yenyewe nadhani zaidi ni shahidi, shahidi ambaye huenda akaokota jiwe na kulirusha vita vikishapamba moto. Kuna sababu moja zaidi. Wagonjwa wanaopewa dawa iitwayo rituksimabu, inayoua seli B (seli za kinga ambazo ndizo huzaa viwanda vya kingamwili), mara nyingi ngozi yao inalainika huku kingamwili zao zikiwa bado zipo kwenye damu. Kama kingamwili peke yake ndiyo ingekuwa inakaza ngozi, hilo lisingewezekana. Seli B zina kazi nyingine pia, zinachochea seli wenzao na kumwaga kemikali za kuchochea uvimbe, na nashuku madhara mengi yanatokea huko. Mwingine mwenye elimu kuliko mimi anaweza kunipinga, na ana hoja zake.

Lakini shahidi mwaminifu ana thamani kubwa, na hapa ndipo utafiti wa kingamwili umewasaidia wagonjwa kuliko popote. Kila mgonjwa kwa kawaida ana aina moja tu ya kingamwili za skleroderma, na haibadiliki kuwa nyingine. Aina hiyo inakwambia ugonjwa unaelekea wapi. Mwenye kingamwili ya sentromia (ile "Centromere" ya kwenye karatasi yenu) kwa kawaida ngozi hukaza vidoleni na usoni tu, polepole, miaka mingi, na hatari yake kubwa huja baadaye kwenye mishipa ya mapafu. Mwenye polimerasi ya tatu ngozi hukaza kwa kasi, na figo zinaweza kushambuliwa ghafla. Mwenye Scl-70, kama mdogo wako, macho yote kwenye mapafu: nyama laini ya mapafu inageuka kovu, na kovu halirudi kuwa pafu. Mara nyingi kasi ya uharibifu huo ni miaka ya mwanzo, mitatu hadi mitano. Yeye yuko mwaka wa pili. Sasa umeona kwa nini nilisema hela ipelekwe huko?

Kuhusu "Centromere hasi", msiipe maana yoyote. Kwa watu weusi kingamwili ya sentromia ni chache kuliko kwa Wazungu. Imeonekana hivyo kwa Wamarekani weusi, na hospitali ya Baragwanath kule Soweto, Afrika Kusini, nako walikuta ni nadra. Watu weusi wanazidi kwenye Scl-70 na kwenye kingamwili nyingine inayolenga protini iitwayo fibrilarini. Kinachonikera ni kwamba vifaa vingi vya kupimia vilipangwa kwa kufuata wagonjwa wa Ulaya, na vingine havina fibrilarini kabisa. Mgonjwa wetu anaambiwa "ANA chanya, zote hasi," anarudishwa nyumbani, wakati kingamwili yake ipo ila haikuulizwa. Mtu wa darubini mwenye jicho anaweza kuiona, kwa sababu inang'aa kwenye viini vidogo vilivyo ndani ya kiini cha seli kama punje za mchele kwenye taa. Lakini lazima awepo, na awe hana haraka.

Jambo dogo la pembeni. Mgonjwa wa skleroderma akiwa mwanaume, mimi swali langu la kwanza ni: umewahi kuchimba madini au kuchonga mawe? Mwaka 1957 daktari aitwaye Erasmus aliandika kuhusu wachimbaji dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, waliopata ugonjwa huu kupita kawaida, na vumbi la silika limekuwa likitajwa tangu hapo. Sisi tuna Geita na Mirerani. Vijana wanarudi na kikohozi, wote wanadhaniwa TB.

Haya, kubadilisha damu. Kinachofanyika kwenye hospitali nyingine, India ikiwemo, ni kuchuja plazma: damu inatolewa kidogokidogo kwenye mashine, maji yake yenye kingamwili yanaondolewa, seli zinarudishwa. Kuna magonjwa ambayo tiba hiyo inaokoa maisha. Kwa skleroderma hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba inaponya, na sababu moja ni rahisi. Kingamwili hizi hupungua nusu kwa wiki 3 hivi, kisha viwanda vyake, seli zilizojificha ndani ya uboho wa mifupa, vinajaza tena. Ni sawa na kuchota maji sebuleni huku bomba limeachwa wazi. Msiuze kiwanja kwa ajili hiyo.

Kufunga bomba lenyewe ndiko watafiti wanakohangaika sasa. Rituksimabu ilijaribiwa Japani, matokeo yakachapishwa 2021, na ngozi za waliopewa zilikuwa na nafuu kuliko za waliopewa dawa ya kiini macho, isiyo na kitu ndani. Erlangen, Ujerumani, wamekwenda mbali zaidi: wanachukua seli T za mgonjwa, ambazo ni askari wengine wa kinga, wanazifundisha maabara kuua seli B, wanamrudishia. Mwaka 2024 waliripoti wagonjwa 15 wa magonjwa ya kinga, kati yao 4 wa skleroderma, na matokeo yalitia moyo sana. Wagonjwa 4 ni wachache, na tiba hiyo ni ghali kiasi kwamba sitaki hata kuitaja bei. Nakwambia ili ndugu yenu akirudi na habari ya India mjue habari ya kweli iko wapi.

Tiba inayopatikana hapa kwetu leo si ya kudharauliwa. Kwa mapafu, mikofenoleti na saiklofosfamaidi zimejaribiwa kwa wagonjwa wengi na zinapunguza kasi ya makovu. Nintedanibu nayo inapunguza, ila bei yake si ya mwananchi wa kawaida. Daktari bingwa wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi ndiye wa kuchagua, na anahitaji mambo matatu mkononi: CT skani ya kifua ya kina, kipimo cha kupuliza kinachopima ujazo wa pumzi, na eko ya moyo. Muhimbili na hospitali nyingine kubwa za jijini wanavifanya. Cha kupuliza ndicho kirudiwe kila miezi michache, hicho ndicho kinachobadilisha dawa. Pumzi ikishuka, daktari anachukua hatua kabla dada hajaanza kuhema akipanda ngazi.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Msimnunulie prednisolone duka la dawa. Najua inauzwa kama pipi, na najua itamfanya ajisikie vizuri wiki ya kwanza. Kwa mgonjwa wa skleroderma ambaye ngozi inakaza haraka, prednisolone ya miligramu 15 au zaidi kwa siku inaongeza hatari ya figo kushambuliwa ghafla: presha inapanda, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, na figo zinazimika ndani ya siku chache. Wenye polimerasi ndio walio hatarini zaidi, lakini mwenye Scl-70 hajasamehewa. Ununuzi wenye faida ni mashine ya presha ya mkononi. Ampime mara mbili kwa wiki, aandike kwenye daftari. Presha ikiruka ghafla juu ya kawaida yake, hata kama namba haionekani ya kutisha, ni siku hiyohiyo hospitalini, usiku usiku ikibidi. Dawa za presha za jamii ya captopril zilibadilisha kabisa hatima ya tatizo hili. Utafiti wa Pittsburgh uliochapishwa 1990 ulionyesha waliozipata, asilimia 76 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Waliozikosa, asilimia 15. Lakini zinafanya kazi kwa aliyewahi.

Kuhusu mtoto: ugonjwa huu hauambukizi, wala kwa mchumba wala kwa mtoto. Kingamwili za mama huvuka kwenye kondo la nyuma, hivyo mtoto anaweza kuzaliwa nazo kwenye damu, zikapotea zenyewe ndani ya miezi michache bila ngozi yake kukaza. (Hili nalo ni pointi kwa upande wa wale wa "shahidi". Kingamwili zingekuwa ndizo wahalifu peke yao, watoto hao wangezaliwa wagonjwa.) Kuna kingamwili moja, anti-Ro, ambayo hiyo huweza kuusumbua moyo wa mtoto tumboni, kwa hiyo kabla ya kushika mimba aombe apimwe hiyo mara moja. Na kama atakuwa ameanza mikofenoleti, asishike mimba akiwa anaitumia, maana inaharibu viungo vya mtoto. Anatakiwa awe ameiacha wiki 6 kamili kabla, na aiache kwa mpango na daktari wake, siyo kwa kuitupa tu. Wakati mzuri wa mimba ni ngozi ikiwa imetulia na mapafu yamepimwa yakawa sawa. Harusi yenyewe haina haja ya kungoja chochote.

Karatasi ya Scl-70 itieni kwenye plastiki, piga na picha ibaki kwenye simu, kila daktari mpya ataiomba. Na lile friza la barafu mtafutieni mtu mwingine wa kulishika, yeye akae upande wa kupokea hela.